Kitabu Kizima, Mtu Mzima

Kujifunza Biblia kwa vitabu na kwa watu wake ni kazi ya mikono kama ilivyo ya macho. Vifaa vyake ni vichache: Biblia yenye marejeo, penseli iliyochongwa, daftari, ramani zile za kurasa za mwisho na, kwa aliyebahatika, itifaki, kitabu kinene kinachopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha kila neno linapatikana wapi. Wainjilisti wa zamani, waliolipwa kidogo au wasiolipwa kabisa, walikuwa na Biblia ambazo majalada yake yameshonwa upya kwa uzi, na pembezoni mwa kurasa mmejaa mwandiko mdogo wa wino wa miaka tofauti. Biblia ya namna hiyo haikuazimishwa hovyo.

Kazi huanza kwa kusoma kitabu chote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kusimama popote. Filemoni ina mistari 25 na haimalizi dakika tano. Injili ya Marko, yenye sura 16, inasomeka jioni moja na taa ikazimwa mapema. Ndivyo maandiko hayo yalivyokusudiwa yasikike. Mwishoni mwa Waraka kwa Wakolosai, Paulo anaagiza ukisha kusomwa kwao upelekwe ukasomwe na Laodikia pia. Hakutarajia wasikie mstari mmoja kisha waagane. Hata hiyo mistari haikuwapo. Sura zilizozoeleka zilipangwa na Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Namba hizo humfaa sana anayetafuta mahali. Anayetafuta maana zimemkwaza zaidi ya mara moja.

Wasomaji wa kwanza wa Kiswahili waliipokea Biblia kitabu baada ya kitabu kwa sababu nzima haikuwapo. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza na Mwanzo. Kule Unguja, Askofu Edward Steere alitoa kimoja kimoja, na katika kiwanda cha uchapaji cha misheni walikuwamo vijana waliokombolewa utumwani, waliofundishwa kupanga herufi za risasi. Agano Jipya lilikamilika mwaka 1879. Steere akafariki mwaka 1882 bila kuiona Biblia nzima, iliyotoka mwaka 1891. Aliyekuwa na Injili moja tu mkononi aliisoma yote, akairudia, akaijua kama anavyojua njia ya kisimani, maana hakuwa na kurasa nyingine za kukimbilia palipomshinda. Umaskini ule ulikuwa mwalimu mzuri kuliko wingi wa leo.

Baadaye ulikuja Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Joe Church wa Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi walikaa na Biblia wakifuata marejeo, kitabu hadi kitabu, kuhusu Roho Mtakatifu. Moto uliowaka ukavuka hadi Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930. Uamsho hukumbukwa kwa nyimbo na kwa maungamo ya hadharani. Vile vikao vya kupekua kurasa vilivyotangulia havikumbukwi sana.

Kitabu kikishasomwa chote, hurudiwa kwa maswali: kimeanzaje, kimeishaje, na katikati kinarudia nini. Ruthu, chenye sura 4, kinaanza na njaa Bethlehemu siku za Waamuzi na kuishia kwa jina la Daudi. Mwenye penseli hupiga mstari kila palipotajwa shayiri. Naomi anarudi kutoka Moabu mavuno ya shayiri yanapoanza, akilalamika kwamba Bwana amemrudisha mtupu. Ruthu anaokota masazo hadi jioni, anapura, anapata kama efa moja. Usiku ule wa kiwanja cha kupuria, Boazi, mwenye shamba, anampimia shayiri vipimo sita, asirudi kwa mama mkwe wake mikono mitupu. Mwishoni Naomi, yuleyule aliyelalamika, anapakata mtoto. Mwandishi hakusema popote kwamba Mungu alikuwa akiijaza mikono ile kidogo kidogo. Alipima shayiri tu, akamwachia msomaji ajumlishe.

Kisha huja marejeo. Ruthu anaendelea kuitwa Mmoabi hata baada ya Bethlehemu nzima kumzoea, na marejeo humpeleka msomaji Kumbukumbu la Torati sura ya 23, ambako Mmoabi amekatazwa kuingia katika kusanyiko la Bwana hata kizazi cha kumi. Daudi ni kitukuu cha Ruthu. Marejeo mengine humpeleka Walawi sura ya 19, ambako mwenye shamba ameamriwa asivune mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate chao. Torati hiyohiyo, basi, mahali pamoja inamfungia Mmoabi mlango na mahali pengine inamwachia masuke. Anayefika hapo hapaswi kukimbilia jibu. Anaandika swali daftarini, anaendelea hadi Mathayo sura ya 1, anamkuta Ruthu katika ukoo wa Yesu, kisha anarudi nyuma kulisoma swali lake upya. Kuna mahubiri ya harusi yanayochukua kiapo cha Ruthu na kukitia kinywani mwa bibi arusi amwambie mumewe, wakati aliyeambiwa maneno yale ni mama mkwe, mjane akimwambia mjane mwenziwe njiani. Mama wakwe waliopo kanisani hunyamaza kwa adabu.

Kumfuatilia mtu ni kazi ngumu kuliko kusoma kitabu, kwa sababu watu wa Biblia hawakai mahali pamoja. Mfano bora ni Yohana aitwaye Marko. Hana hotuba hata moja. Habari zake zimetawanyika katika Matendo, Wakolosai, Filemoni, Timotheo wa pili na Petro wa kwanza, na nje ya Matendo kila kitabu kinampa mstari tu, tena wa kupita. Anaingia chini ya habari za wengine, anapotea, anaibuka mbali na alipozama.

Anatokea kwanza kwa jina la mama yake. Petro, aliyetoka gerezani usiku, anakwenda nyumbani kwa Mariamu mama yake Marko, Yerusalemu, ambako watu wengi wamekusanyika wakiomba; kijakazi Roda anaitambua sauti, na kwa furaha anasahau kufungua lango. Nyumba yenye lango na kijakazi si nyumba ya fukara. Kijana aliyelelewa humo anafuatana na Barnaba na Sauli, ndiye Paulo, hadi Kipro kama mtumishi wao, na walipofika Perge ya Pamfilia akawaacha akarudi Yerusalemu. Luka, mwandishi wa Matendo, hatoi sababu. Wafafanuzi wamezitoa kwa niaba yake: homa za pwani, milima iliyokuwa mbele, kumkumbuka mama, kuchukizwa na Paulo kumpita Barnaba. Mwanafunzi mwaminifu huandika kwamba sababu haikutajwa, akasonga mbele. Katika sura ya 15 Barnaba anataka kumchukua tena, Paulo anakataa katakata, na marafiki wawili wanatengana. Paulo anaondoka na Sila kupitia Shamu na Kilikia. Barnaba na Marko wanapanda merikebu kwenda Kipro. Luka anafuatana na Paulo, na Barnaba haonekani tena katika masimulizi ya Matendo. Anayefunga kitabu hapo ataamini kwamba aliyeachwa na mwandishi alikuwa na makosa.

Wakolosai ndiyo inayofungua jambo ambalo Matendo hayakulisema: Marko ni binamu wa Barnaba. Kumbe ugomvi ule ulikuwa na damu ndani yake. Lakini msomaji asiyeridhika na jibu la undugu hurudi Matendo sura ya 9, pale Sauli aliyetubu alipoogopwa na wanafunzi wote wa Yerusalemu, na Barnaba peke yake akamchukua akampeleka kwa mitume. Hurudi pia sura ya 11, pale Barnaba alipofunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli amlete Antiokia. Barnaba alikuwa akimfanyia Marko lile alilomfanyia Paulo, na Paulo ndiye aliyelipinga.

Jambo lenye thamani kuliko yote linaonekana kwa anayeweka karatasi mbili kandokando. Katika Wakolosai na katika Filemoni, orodha ya wanaotoa salamu ina majina matatu yanayokaa karibu: Marko, Luka, Dema. Majina hayo matatu yanarudi pamoja katika Timotheo wa pili, waraka wa mfungwa anayejua siku zake zimekwisha. Safari hii Dema amemwacha Paulo, amekwenda Thesalonike. Luka yuko naye peke yake. Na Timotheo anaagizwa amchukue Marko aje naye, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Aliyewahi kuondoka ndiye anayeitwa. Aliyekuwa amesimama ndiye aliyeondoka. Hakuna mstari hata mmoja unaosimulia jinsi Paulo na Marko walivyopatana. Habari hiyo imo katika orodha za salamu, zile ambazo wasomaji wengi huziruka wakidhani kitabu kimekwisha. Na Luka, aliyeketi pamoja na Marko, hakulifuta tukio la Perge katika kitabu chake.

Petro naye, mwishoni mwa waraka wake wa kwanza, anamtaja Marko kama mwanawe, na msomaji anakumbuka usiku ule wa lango lililosahauliwa. Mapokeo ya kanisa, kuanzia Papia wa Hierapoli katika karne ya pili, yanamtambua kuwa ndiye aliyeandika Injili kutokana na mahubiri ya Petro.

Faida ya kazi hii ilionekana katika vikao vya wazee wa kanisa kuliko kwenye mimbari. Kikao kinachojadili mwalimu wa kwaya aliyekimbia kazi, au mwanafunzi aliyetoroka chuo cha uinjilisti, kina Paulo wake na kina Barnaba wake: mmoja anailinda kazi, mwingine anamlinda mtu. Wazee waliomfuatilia Marko hadi mwisho hawakuharakisha kumpa mmoja wao ushindi. Walijua kwamba Paulo hakukosea kuhusu Perge, na kwamba bila Barnaba asingekuwapo Marko wa kuitwa. Maarifa hayo hayapatikani katika mashindano ya maswali ya Biblia, ambako kijana husifiwa kwa kutaja baba yake Methusela na vitabu 66 kwa pumzi moja, wala katika mahubiri yanayomjua Daudi mwenye jiwe na kombeo tu, yakamwacha Daudi wa Uria na Daudi mzee anayemlilia Absalomu.

Simu sasa imetia itifaki mfukoni mwa kila mtu. Jina hupatikana kabla kidole hakijainuka. Itifaki ya karatasi ilikuwa nzito na ya polepole, ila aliyemtafuta Dema macho yake yalipita kwa Delila na Demetrio, akaondoka na zaidi ya alichokijia. Simu humtupa msomaji juu ya mstari, na mstari husambazwa asubuhi ukiwa juu ya picha ya jua linalochomoza. Unaopendwa sana ni ule wa Yeremia sura ya 29 kuhusu mawazo mema ya Mungu na tumaini la baadaye. Barua ambamo mstari huo umekatwa iliandikiwa mateka waliopelekwa Babeli. Iliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, wauombee mema mji uliowateka, kwa sababu kurudi kwao kungechukua miaka 70. Wanaoupokea Jumatatu hutegemea majibu kabla ya Ijumaa.

Kitabu kilichopata hasara kubwa kuliko vyote kwa ukataji huo huenda ni Maombolezo. Kina sura 5, na nne za kwanza mwandishi alizipanga kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, akilazimisha kilio kipite katika utaratibu, herufi hadi herufi. Katikati, katika sura ya 3, yapo maneno ya rehema zilizo mpya kila asubuhi, na hayo yamekuwa nyimbo na maandishi ya ukutani. Kinachoyazunguka hakisomwi: mji uliokaa peke yake, watoto wanaozimia njiani kwa njaa, wazee walioketi chini kimya, na mwisho wa kitabu unaomuuliza Mungu kama amewakataa kabisa, kisha hakuna jibu. Ibada za mazishi hufanyika kila wiki, na kitabu hicho hakifunguliwi. Wafiwa husomewa mistari ya kuwanyamazisha.