Nani Anailipa Blogu?

Anayetaka kuishi kwa blogu huanza kwa kuhesabu wasomaji, akiamini wakishakuwa wengi hela itakuja yenyewe. Anaanzia pabaya. Njia zenyewe hasa ni nne: matangazo yanayowekwa na mashine, kamisheni ya bidhaa, ada ya wasomaji, na udhamini unaouzwa ana kwa ana. Kuuza vitabu au kuendesha mafunzo ni biashara nyingine kabisa, na blogu huko ni kibao tu cha dukani. Katika hizo nne, kila njia ina mlipaji wake, na kila mlipaji ana kazi anayoidai. La kujiuliza mapema ni kama mwandishi anaiweza kazi hiyo wiki baada ya wiki, maana njia ya mapato ndiyo itakayoamua ataandika nini na kwa kasi gani.

Matangazo ya mashine ndiyo yanayowavuta wengi kwa sababu hayahitaji kumbembeleza mtu. Google ilianzisha AdSense mwaka 2003, na mwaka 2010 ikaweka wazi kwamba mwenye tovuti alikuwa akipata asilimia 68 ya mapato ya matangazo yanayokaa kwenye maudhui yake. Mgawo si mbaya, ila bei hupangwa kwa mnada, na mtangazaji hupandisha dau pale tu anapomwona mnunuzi. Tuseme, kwa mfano, kurasa 1,000 zikifunguliwa zinaleta nusu dola. Zitatakiwa kurasa 200,000 ndipo ifike dola 100, kiwango ambacho Google haitumi malipo kabla hakijatimia. Mlipaji huyu anadai umati, na njia ya mkato ya kuupata umati ni udaku. Wengi wanaolalamikia hali ya blogu zetu hulaumu maadili ya waandishi, wakati sehemu kubwa ya lawama ingestahili kwenda kwenye mfumo wa malipo.

Ada ya wasomaji huonekana kama tiba, na mfano mzuri wa kuichunguza ni The Dish, blogu ya Andrew Sullivan huko Marekani. Januari 2013 alitangaza kwamba anaondoka kwenye hifadhi ya vyombo vikubwa, anaacha matangazo, na anaomba dola 19.99 kwa mwaka. Ufundi wake ulikuwa katika kutofunga mlango. Ukurasa wa mbele ulibaki wazi, aliyefuata kiungo kutoka blogu nyingine aliingia bila kuzuiwa, na ombi la malipo lilimfikia yule aliyebofya mara kwa mara kusoma makala ndefu hadi mwisho. Msomaji aliruhusiwa kulipa zaidi ya bei. Ndani ya siku moja watu karibu 12,000 walikuwa wametoa takriban theluthi moja ya dola milioni, yaani wastani wa kama dola 28 kila mmoja, ingawa bei ilikuwa chini ya 20. Hao walikuwa wakimchangia mtu waliyemsoma kwa zaidi ya miaka kumi, tangu alipoanza kublogu mwaka 2000. Na deni likaja: waliolipa walitarajia sauti yake kila siku, machapisho kwa makumi. Mapema 2015, akiwa na wanachama wapatao 30,000 na mapato ya karibu dola milioni moja kwa mwaka, Sullivan aliifunga, na uchovu na afya vikiwa miongoni mwa sababu alizotaja. Hela ilikuwepo, kilichokwisha ni mwandishi.

Kamisheni nayo ina masharti yake. Tovuti ya Wirecutter, iliyoanzishwa na Brian Lam mwaka 2011, ilichapisha machache na kupima bidhaa kwa kina, ikapata fungu lake msomaji aliponunua kupitia viungo vyake, hasa Amazon. Mwaka 2016 New York Times iliinunua kwa takriban dola milioni 30. Lakini hiyo inahitaji duka la mtandaoni linalomfikia kila msomaji na kulipa kamisheni kwa uaminifu. Kwa Dodoma au Kisumu bado ni kibarua kigumu.

Inabaki njia inayodharauliwa. John Gruber wa blogu ya Daring Fireball alianza na uanachama wa kulipia, kisha mwaka 2007 akawafungulia wote mlisho wake kamili wa makala na kuanza kuuza udhamini: mdhamini mmoja kwa wiki, tangazo lake mwanzoni mwa wiki, shukrani mwishoni. Hauzi idadi ya mibofyo. Anauza uhakika kwamba wasomaji wake ni watu wa kompyuta za Apple. Mtu atasema hao ni matajiri wanaosoma Kiingereza. Ni kweli, na ndiyo maana bei yake ni maelfu ya dola; lakini mpango wenyewe hautegemei utajiri, unategemea wasomaji kujulikana ni akina nani. Blogu ya Kiswahili ya ufugaji wa kuku yenye wafugaji 2,000 haina thamani kwa mnada wa Google, ila kwa muuza vifaranga au chakula cha kuku hao ni wateja watupu, na malipo yanapita kwenye simu bila kungoja dola 100. Ada ya wasomaji ingekuwa ngumu zaidi hapo, kwa kuwa kila mwezi mfugaji angelazimika kuamua upya kama aingize namba ya siri au aache.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mdhamini atamfunga mwandishi mdomo. Hatari ipo, hasa akiwa mmoja wa kudumu. Kumbadilisha kila wiki kunaipunguza: akiudhika muuza dawa za kuku, limepotea fungu moja kati ya 52. Gharama za blogu nazo zinahesabika. Chukua mfano wa leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliweka wakati huo ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, kando ya ada ya maombi. Kwa udhamini wa shilingi 50,000 kwa wiki, ada hiyo ya mwaka ingelipwa kwa wiki 20. Kwa matangazo ya mashine, kwa bei ile ya mfano, ingehitaji kurasa laki kadhaa, na mwandishi awe bado hajanunua hata bando.