Volti Zinazopotea Njiani: Uchambuzi wa Trekta Kuukuu Lisilowaka

Katika trekta kuukuu la dizeli, mfano wa Massey Ferguson 135 iliyoanza kuundwa mwaka 1964, ufunguo unapozungushwa na kusikika mlio mmoja mkavu bila injini kuzunguka, mafundi wengi hukimbilia betri mpya, na betri isipofaa huifungua stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini mpaka iwake. Utaratibu huo huanza na vipuri ghali na kuziacha nyaya mwisho, ilhali mlio wenyewe umeshatoa ushahidi: solenoidi, ambayo ni swichi ya sumaku-umeme inayoupitisha mkondo mkubwa kwenda kwenye stata, imepata umeme wa kuivuta, ila mkondo mkubwa haukufika au haukutosha. (Ukimya kamili ni jambo jingine, na hapo hukaguliwa kwanza swichi ya usalama, inayozuia trekta kuwashwa likiwa kwenye gia; kuikwepa kwa kugusisha bisibisi kwenye stata kumewahi kuwaua watu waliosimama mbele ya gurudumu la nyuma.)

Kinachowapotosha wengi ni taa ya majaribio, ile ya kukagua kama umeme unafika. Stata ya dizeli inaweza kudai ampea 300, na kwa mkondo huo ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao kutu kidogo chini ya kibano cha betri inatosha kuuleta, hula volti 3, yaani robo ya volti 12 zilizopo. Taa inayotumia ampea 2 katika njia ile ile hupoteza volti 0.02, kwa hiyo itang'aa kana kwamba waya ni mzima.

Ndiyo maana kipimo cha kuaminika huchukuliwa stata ikiwa kazini, mafuta yakiwa yamefungwa na gia ikiwa huru: ncha moja ya mita huwekwa juu ya kichwa chenyewe cha betri, wala si juu ya kibano, na nyingine kwenye boliti kubwa ya stata, na volti zikizidi takriban 0.5, hasara imo katika nyaya, vibano au solenoidi. Kisha hupimwa upande wa eathi, kutoka kichwa cha pili cha betri hadi bodi ya stata, na hapa ndipo matrekta yaliyopakwa rangi upya hujifichua, kwa kuwa rangi iliyo chini ya waya wa eathi huzuia umeme sawa na kutu.

Hasara zikiwa ndogo pande zote mbili, na betri ikibaki juu ya volti 9.6 hivi, ilhali injini bado haizunguki au inazunguka kwa uvivu, stata sasa ina kesi ya kujibu: hufunguliwa ili kukagua brashi za kaboni na bushi, kwani bushi zilizolika huiacha rota, yaani sehemu inayozunguka ndani ya stata, ikwaruze vyuma vya sumaku vinavyoizunguka.