Gorogoro ya Elimu: Sifa za Ufundi wa Kupanga Masomo ya Chuo Kikuu

Miongoni mwa kazi za chuo kikuu zinazofanywa kwa ustadi bila kusifiwa, kazi ya kuyapanga masomo kwenye tovuti ya chuo ndiyo inayosahaulika mapema zaidi, kwa sababu ikifanywa vyema msomaji haioni, na ikifanywa vibaya msomaji hujilaumu mwenyewe kwa kutoelewa. Kazi hiyo hujibu maswali matatu: somo lipi ni kuu, yaani lile linalosomwa kwa kina hadi mwaka wa mwisho na ambalo jina lake hubebwa na shahada, somo lipi ni dogo, yaani lile linalosomwa sambamba na kuu kwa kozi chache zaidi, na kila somo linafundishwa katika ngazi ipi, kuanzia cheti na stashahada hadi shahada ya kwanza, uzamili na uzamifu. Majibu yote yamo katika mtaala ulioidhinishwa, lakini mtaala ni kitabu kinene ambacho wahadhiri huwaandikia wahadhiri wenzao, na baina ya kitabu hicho na mtahiniwa aliyemaliza kidato cha nne pana pengo linalohitaji fundi wa kuliziba.

Upana wa pengo hilo huonekana vizuri ukitazamwa kutoka mahali kama Luanda Kotieno, ufuo wa Rarieda katika Kaunti ya Siaya, ambako feri huvusha watu, magari na mizigo hadi Mbita, ng'ambo ya pili katika Kaunti ya Homa Bay. Kwa kipimo cha ramani, vyuo vikuu haviko mbali na ufuo huo: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2013, kiko Bondo katika kaunti iyo hiyo, nacho Chuo Kikuu cha Maseno, kilichopata hadhi kamili mwaka 2001, kiko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, karibu na mstari wa Ikweta. Hata hivyo, nauli ya kwenda kuuliza swali moja dirishani na kurudi ni fedha ambazo, katika nyumba inayotegemea omena, dagaa wa ziwani, zina kazi nyingine. Kwa hiyo chuo humfikia mtahiniwa kwanza kupitia kioo cha simu, kwa bando linaloisha siku hiyohiyo, au kupitia saiba ya sokoni ambako dakika hulipiwa. Waswahili husema kuuliza si ujinga, lakini methali hiyo huchukulia kwamba yupo wa kuulizwa.

Ufuo wenyewe una kifaa kinachoufafanua ufundi huu. Omena ikishaanuliwa kutoka kwenye nyavu ilikoanikwa, huuzwa kwa gorogoro, mkebe wa mafuta ya kupikia uliogeuzwa kipimo, ambao kwa mahindi hukadiriwa kuwa kilo mbili. Thamani ya mkebe huo haimo katika bati lake bali katika makubaliano, kwamba muuzaji wa Luanda Kotieno na mnunuzi aliyetoka Kisumu wote wanajua gorogoro moja ni kiasi gani kabla hawajaanza kuvutana kuhusu bei. Muuzaji mjanja hubonyeza kitako cha mkebe kuelekea ndani, na mkebe ukabaki na sura ileile huku ujazo wake umepungua. Maneno "somo dogo" yana hatari iyo hiyo, kwa kuwa katika ukurasa mmoja yaweza kumaanisha kozi zinazoendelea hadi mwaka wa nne, na katika ukurasa mwingine yakamaanisha kozi mbili tatu za utangulizi, hali jina halijabadilika. Uaminifu wa mpangaji uko katika kutaja idadi ya kozi, mwaka zinapoanza na mwaka zinapokoma, ili neno lijae hadi ukingoni.

Wazo lenyewe la somo dogo linastahili kutetewa, kwa maana methali za Kiswahili hazilipendi: mshika mbili moja humponyoka, na njia mbili zilimshinda fisi. Lakini fisi alishindwa kwa kuzitaka njia zote mbili kwa kiasi kimoja na kwa wakati mmoja, ilhali somo dogo hukubali tangu mwanzo kwamba si sawa na kuu, na kukubali huko ndiko kunakolipa nafasi ya kukaa. Wapangaji wa zamani walilijua jambo hili. Katika enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, na hata baada ya vyuo hivyo kutengana, palizoeleka kuandikwa 3:2:2, maana yake masomo matatu mwaka wa kwanza, mawili mwaka wa pili na mawili mwaka wa tatu; na 3:1:1 kwa mwanafunzi ambaye baada ya mwaka wa kwanza alibaki na somo moja tu. Kwa tarakimu tatu na nukta zake, miaka mitatu ya ujana ilikuwa imechorwa yote, nalo tendo la kuacha somo likaonekana kuwa sehemu ya mpango, wala si dalili ya kushindwa.

Mambo yaligeuka mfumo wa 8-4-4 ulipofika vyuo vikuu vya Kenya mwaka 1990. Kidato cha tano na cha sita vilikuwa vimeondolewa, shahada nyingi zikawa za miaka minne, na kazi ya kuchuja masomo, ambayo zamani ilianzia shuleni, ikasogea hadi mlangoni mwa chuo. Tanzania, ambayo imedumisha vidato hivyo, ina neno zuri la tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo anayoyachagua mwanafunzi wa kidato cha tano. Kenya ina kundi la masomo manne ambayo KUCCPS, taasisi ya kuwapangia wanafunzi nafasi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huyatumia kumpima mtahiniwa kwa kila kozi. Katika ualimu kipimo hicho huwa na makali zaidi, kwa kuwa Tume ya Huduma kwa Walimu humtaka mwalimu wa sekondari mwenye shahada awe amepata wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Ukurasa unaotangaza Shahada ya Elimu bila kusema kwamba Kiswahili huoana na Historia au Hisabati huoana na Fizikia katika chuo hicho, humwachia msomaji fumbo ambalo huenda akalifumbua miaka minne baadaye, akiwa na joho kabatini na hana namba ya usajili wa ualimu. Maseno kimezoea kulitaja somo la pembeni ndani ya jina la shahada lenyewe, ndiyo maana baadhi ya shahada zake husomeka kuwa ni za fani fulani pamoja na teknolojia ya habari. Jina hurefuka, lakini mwajiri na mzazi huona waziwazi kilichoongezwa.

Ufundi huu huonekana kwa karibu zaidi katika mstari mmoja. Mfano wa kubuni unatosha: "KIS 205, Fonolojia ya Kiswahili, muhula wa kwanza, kwa waliofaulu KIS 101." Herufi tatu hutaja somo, tarakimu ya kwanza, 2, hutaja ngazi, yaani kozi ya mwaka wa pili, tarakimu mbili za mwisho huitofautisha na kozi nyingine za mwaka huo, na maneno ya mwisho ni sharti tangulizi, yaani kozi ambayo lazima ipitwe kwanza. Mpangaji stadi huongeza sentensi moja tu, kwamba fonolojia ni taaluma ya jinsi lugha inavyoipanga mifumo ya sauti zake, kwa sababu anajua kwamba mtahiniwa huyo ameyasoma mambo hayo kidato cha kwanza kwa jina la sauti na silabi. Baada ya sentensi hiyo hunyamaza, na kunyamaza huko ni sehemu ya ustadi wake, kwani sifa za chuo, ndoto za wahitimu na picha za majengo zina kurasa zake.

Lugha ya Kiswahili humpa fundi huyo msaada ambao mara nyingi hautumiki, maana kurasa nyingi za vyuo vya Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Shahada ni ushahidi, na anayetunukiwa huwa ametolewa ushahidi mbele ya watu. Uzamifu umetokana na kuzama, na msomaji wa ufuoni hahitaji kufafanuliwa tofauti ya anayeelea karibu na mwambao na anayezama hadi chini. Somo dogo, kwa mfano huo, ni maji ya magotini, ambayo yana samaki wake na faida yake, mradi asiambiwe mtu kwamba hayo ndiyo kina.

Lililo gumu zaidi ni utunzaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari lisilofanyiwa marekebisho hupoteza zaidi, kwa kuwa huaminiwa: kozi iliyofutwa hubaki kwenye orodha, somo dogo lililokosa mhadhiri huendelea kutangazwa, na mtu hupanda gari kwa sababu ya mstari uliokufa zamani. Hitaji hili litakua, kwani wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, unaochukua nafasi ya 8-4-4, waliingia gredi ya 10 mwaka 2026 wakiwa wamegawanywa katika mikondo mitatu, wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wa sayansi za jamii, na wa sanaa na michezo, nao wanatarajiwa kubisha hodi vyuoni mwaka 2029. Kila mstari ulioandikwa kwa kipimo cha C+ na masomo manne utalazimika kuandikwa upya kwa ajili yao.

Atakayeiandika mistari hiyo hatajulikana kwa jina, kama asivyojulikana aliyekuwa wa kwanza kuugeuza mkebe wa mafuta kuwa kipimo cha soko zima. Ushahidi wa kazi yake utakuwa kwamba mtahiniwa wa Luanda Kotieno amesoma ukurasa kabla bando halijaisha, akajua somo lipi atalizamia na lipi ataliogelea, na nauli ya kwenda kuuliza ikabaki mfukoni hadi siku ya kuripoti chuoni.