Jua Lililo Mbali na Mlingoti

Katika uhakiki tumezoea kuichambua kazi ya fasihi kwa kuangalia fani na maudhui yake. Katika makala haya ninafanya vivyo hivyo kwa kazi isiyo na neno hata moja: bendera ya taifa la Rwanda, iliyobuniwa na msanii Alphonse Kirimobenecyo na kupitishwa tarehe 25 Oktoba 2001. Swali langu ni moja: je, bendera hii inafaulu kusema ilichokusudiwa kusema?

Tuanze na iliyotangulia. Bendera ya zamani ilikuwa na mistari mitatu ya wima, nyekundu, njano na kijani, na katikati herufi kubwa R ya rangi nyeusi. Herufi hiyo ilihitajika kwa sababu Guinea nayo ilikuwa na rangi hizo hizo kwa mpangilio huo huo. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa udhaifu mkubwa wa fani. Kanga huandikwa jina nasi hatuoni kasoro, kwa kuwa anayeivaa anataka jirani yake aisome. Bendera hutazamwa kwa mbali, hata na asiyejua kusoma. Ikihitaji herufi ili itambulike, rangi zake zimeshindwa kazi.

Bendera ya sasa haina herufi. Nusu yake ya juu ni buluu, ishara ya furaha na amani. Chini yake upo mstari wa njano, yaani maendeleo ya uchumi, kisha wa kijani, yaani matumaini ya ustawi. Juu upande wa kulia lipo jua lenye miale 24, ishara ya mwanga unaowaelimisha watu. Nyekundu na nyeusi hazimo.

Kutokuwemo kwa rangi hizo mbili kulizua mjadala darasani kwetu. Mwenzangu mmoja aliuliza: "Taifa lililopitia tuliyoyapitia litakuwaje na bendera isiyo na alama ya msiba? Hii ni bendera inayosahau." Siku ile sikuwa na jibu. Hoja yake ina uzito, na sisi wa Rusizi tukivuka daraja kwenda Bukavu tunauona mfano wake: bendera ya Kongo ya mwaka 2006 ina mstari mwekundu wa mshazari unaokumbusha damu ya waliojitoa mhanga.

Jibu nililipata mwezi wa Aprili. Katika juma la maombolezo bendera zetu hupepea nusu mlingoti. Nilipita mbele ya ofisi ya sekta nikaiona: buluu ile ile, jua lile lile, lakini imeshushwa, na hakuna mpita njia aliyehitaji kuelezwa maana yake. Hapo nikaelewa. Rangi nyekundu ingeutaja msiba kila siku, mpaka macho yauzoee na kuacha kuuona. Bendera hii huutaja kwa kushushwa, na kwa sababu siku nyingine zote hukaa juu, kushuka kwake kunasikika. Kwa hiyo simkubalii mwenzangu. Haisahau, imeiachia mikono yetu kazi ya kukumbuka.

Hata hivyo, ninayo lawama. Nilipokuwa shule ya msingi nililichora jua upande wa kushoto, karibu na mlingoti, nikapewa alama ya kosa. Leo naona kosa lile lilikuwa na akili yake. Upande ulio mbali na mlingoti ndio unaopigwa zaidi na upepo na ndio unaotangulia kuchanika. Siku isiyo na upepo, kitambaa hulala na jua humezwa na mikunjo. Nyota ya Kongo imewekwa pembeni juu, upande wa mlingoti, mahali palipo imara zaidi.

Mtetezi anaweza kusema kwamba kulia ni mashariki, kama kwenye ramani, ndiko jua linakochomoza. Usomaji huo unanipendeza, hasa kwa sisi tunaoishi magharibi mwa nchi, ambao jua hutufikia likiwa limekwisha kupita juu ya wenzetu wote. Lakini bendera si ramani. Ina pande mbili, na ukizunguka nyuma yake, jua liko kushoto.

Kwa kuhitimisha, bendera hii imefaulu katika maudhui, na katika fani ina dosari moja. Dosari hiyo si sababu ya kuibadilisha bendera, ila inatudai uangalizi. Bendera nyingine ikichakaa pindo hupoteza nyuzi chache. Yetu hupoteza miale ya jua. Anayeipandisha asubuhi na auangalie kwanza upande ule, na kitambaa kikianza kuchanika kibadilishwe kabla upepo haujalifikia jua.