Jioni Iliyogeuzwa Usiku: Uhakiki wa Picha Moja ya Mwezi

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba picha ya kamera haihakikiwi. Hoja yao ni kuwa picha haina mtunzi: mtu kabonyeza tu, mashine imefanya kazi, kilichokuwa mbele ndicho kilichoingia. Mambo ya fani na maudhui, eti, tuwaachie watunzi wa riwaya na mashairi. Hoja hii niliisikia darasani muhula uliopita nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu. Sasa nadhani ninalo, na nimelipata kwa kushindwa mwenyewe.

Juni iliyopita nilikuwa nyumbani Morogoro. Jioni moja mwezi mpevu ulichomoza juu ya milima ya Uluguru, na upande huohuo, ukingoni mwa shamba letu, upo msalaba wa kaburi la bibi uliopakwa chokaa. Nikatoa simu, nikapiga. Nilichopata ni doa jeupe juu ya weusi mtupu. Mlima haupo, msalaba haupo, na mwezi wenyewe kama taa ya pikipiki inayokuja. Mama alitazama akauliza, "Hapa umepiga nini, mwanangu?" Sikuwa na la kusema.

Baadaye ndipo nilipoelewa kosa. Mwezi ni jiwe linalopigwa na jua moja kwa moja; hata kwetu giza likiingia, kule bado ni mchana. Ukiipima kamera kwa mwezi, mlima unazama. Ukiipima kwa mlima, mwezi unaungua. Tena mwezi mpevu huchomoza karibu na saa ya jua kuzama, na ukiwa na mlima wa kuukwea kwanza, unatokea wakati nchi yote imeshakuwa nyeusi. Wajuzi hawaungoji mwezi wa kumi na nne. Huuwahi siku moja au mbili kabla, unapopanda huku jua la jioni likiwa bado linaipaka nchi mwanga. Kumbe hata siku ya kupiga ni uamuzi wa kifani!

Katika kutafuta hayo ndipo nilipokutana na picha ya Ansel Adams, Mmarekani aliyeishi kati ya 1902 na 1984. Picha inaitwa "Moonrise, Hernandez, New Mexico". Hebu tuisome kama tunavyosoma matini yoyote. Zaidi ya nusu ya karatasi ni anga jeusi. Ndani yake umo mwezi mdogo, mdogo mno kwa mtu aliyezoea kalenda za ukutani, na wala haujawa duara kamili. Chini yake kuna ukanda wa mawingu meupe na milima yenye theluji. Chini zaidi kuna kijiji: nyumba chache, kanisa la udongo, na makaburi ambayo misalaba yake inang'aa kana kwamba imewashwa. Mtu hata mmoja haonekani.

Adams amesimulia jinsi alivyoipata. Alikuwa barabarani akirudi kutoka kazini, akaona misalaba ikipigwa na jua la mwisho, akasimamisha gari. Kamera yake ilikuwa ile kubwa ya kusimikwa kwa miguu mitatu, si kitu cha kutoa mfukoni. Kifaa cha kupimia mwanga hakikuonekana. Akakumbuka kwamba mwangaza wa mwezi ni mishumaa 250 kwa kila futi mraba, akapiga hesabu kichwani, akafungua lenzi kwa sekunde moja. Alipogeuza ili apige ya pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba. Ikabaki filamu moja tu.

Wanaosema mashine hufanya kazi yenyewe huenda wakafurahi hapa: si bahati hiyo? Lakini hesabu ile ilikuwa uteuzi. Alichagua kuuokoa mwezi, na kijiji akakiacha kififie kwenye filamu. Kwa miaka kadhaa ilimpa taabu kila alipotaka kuisafisha, hata mwaka 1948 akaitia ile sehemu ya chini ya filamu kwenye dawa ya kuipa nguvu. Kisha yakaja yale yanayonihusu mimi kama mhakiki. Inakadiriwa alitoa nakala zaidi ya 1,300 kutokana na filamu ile moja, na hazilingani. Katika zile za mwanzo anga ni la kijivu na michirizi ya mawingu inaonekana hadi juu. Katika zile za miaka ya 1970 mawingu ya juu yamefutika, anga limekuwa jeusi kama sufuria ya kuni.

Adams alisomea piano ujanani, naye alizoea kusema kuwa filamu ni kama maandishi ya muziki, na nakala ni utumbuizaji wake. Sisi wa fasihi simulizi hatuhitaji piano kulielewa hilo. Utenzi uleule ukighanwa na watu wawili ni tendo mbili za sanaa. Basi, tukikubali hivyo, hatuwezi tena kusema picha haina mtunzi. Ina mtunzi, na mtunzi huyo tuna haki ya kumuuliza.

Swali langu kwake ni hili: jioni ile ilikwenda wapi?

Maana ilikuwa jioni. Adams hakuwa mwangalifu wa tarehe, na picha hii aliitaja kwa miaka tofautitofauti. Walioipata tarehe ni wanaastronomia, kwa kuutumia mwezi wenyewe: mahali ulipokaa juu ya milima na umbo lake. Hesabu ya kwanza ilitoa tarehe 31 Oktoba 1941. Dennis di Cicco aliirudia, na mwaka 1991 akatangaza tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 alasiri. Mwezi ulikuwa na umri wa siku 12 hivi. Kwa hiyo tunachokiona kama usiku wa manane ni saa ambayo kwetu watoto wanatumwa kuchota maji.

Na tarehe yenyewe! Mosi Novemba ni Sikukuu ya Watakatifu Wote; kesho yake ni ya Marehemu Wote. Hernandez ni kijiji cha Wakatoliki wenye asili ya Kihispania. Walifanya nini makaburini jioni ile sijui, ila najua kwetu siku hizo watu hufyeka majani, hupaka misalaba chokaa na kuwasha mishumaa. Mwezi uliihifadhi tarehe ambayo mpigaji aliisahau.

Hapa ndipo ninapoachana na wasifiaji. Zile nakala nyeusi ni nzuri, sikatai, ukizitazama unanyamaza. Lakini zinasema makaburi haya hayana wenyewe. Kadiri mtunzi alivyokua na jina lake likakua, ndivyo alivyozidi kukifukia kijiji chini ya anga. Mnamo 2006 nakala mojawapo ilinunuliwa mnadani kwa dola 609,600. Dola zile ni za ukuu wa anga na mwezi. Aliyelala chini ya msalaba hayumo.

Mtu ataniambia: mbona simu za siku hizi zinadanganya zaidi? Kweli. Mwaka 2023 ulizuka ubishi juu ya simu moja ya bei mbaya iliyokuwa ikiuongezea mwezi makovu ambayo lenzi yake haikuyaona. Adams hakufanya hivyo. Hakuongeza kitu, alififisha kilichokuwapo. Kwangu hilo ni jambo zito zaidi, kwa sababu ni kosa la msanii hodari, si la mashine, na anayelifanya anajua anachokiacha.

Mimi nachagua nakala ya mwanzo, ile ya kijivu, yenye mawingu yaliyotawanyika juu ya mwezi. Ukuu wake ni mdogo, na wajuzi watasema anga lake halina uzito. Lakini ndani yake mchana haujaisha, na mtu bado anaweza kutoka katika nyumba mojawapo na jembe mkononi, akaenda makaburini kabla giza halijaingia. Nakala hiyo nilimwonyesha mama. Aliitazama kitambo, akauliza kanisa hilo ni la parokia gani.

Anayepinga na aandike.