Wafasiri wa Sinema wa Kambi ya Panda

Mwaka 2016 ilitoka filamu iliyobeba jina la kale la mji wetu, Jadotville, ikisimulia jinsi askari wa Ireland zaidi ya 150, waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, walivyozingirwa hapa mwezi wa Septemba 1961. Na vijana wa Likasi, waliozaliwa miaka mingi baada ya jina lile kufutwa mwaka 1966, wameitazama katika simu zao na kuulizana mtaa ule unaoonekana ni upi, hali si mtaa wetu, kwa kuwa picha zake zilipigwa Afrika Kusini. Siwalaumu. Lakini kila niwasikiapo wakifurahi kwamba mji wetu nao umeingia katika sinema, hutamani wajue kwamba sinema ilikwisha kuingia katika mji wetu zamani sana, na kwamba walikuwapo hapa mafundi wake ambao hawakushika kamera wala kuchora picha, bali sanaa yao yote ilikuwa katika koo zao.

Sisi tuliolelewa katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, pale Panda na Shituru, tulizitazama sinema uwanjani, usiku, tumeketi chini, maana zile nyumba za sinema zenye viti na paa zilikuwa za Wazungu, nasi tuliletewa picha zilizochaguliwa kwa ajili yetu. Nyingi zilikuwa kazi za mapadri wa shirika la Scheut. Padri Albert Van Haelst, aliyekaa Luluabourg katika nchi ya Kasai, alipiga filamu za vichekesho vya Matamata na Pilipili, rafiki wawili ambao watu wamewafananisha na wachekeshaji Laurel na Hardy. Na Padri Alexandre Van den Heuvel, wa shirika hilohilo, alitengeneza miaka ya 1950 katuni za Mboloko, yule paa mdogo wa msituni ambaye katika hadithi za nchi yetu huwashinda wakubwa kwa akili. Ukitaja leo majina hayo mbele ya watu wengi wa Kongo, utatazamwa kana kwamba umetaja vijiji vilivyokwisha hamwa.

Kando ya kitambaa cheupe alisimama mfasiri. Wetu alikuwa karani wa kambi wakati wa mchana, nasi watoto tulimwita Mwalimu, ingawa hakupata kufundisha darasa lolote. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akawaamkia wazee kwanza kwa taadhima, kisha akageuka upande wetu na kungoja mpaka minong'ono ikome. Na mtambo ulipoanza kuzungusha utepe wake, sauti yake ilikuwa imekwisha kututangulia katika hadithi. Kambi yetu ilikuwa na Waluba wa Kasai walioletwa kuchimba shaba, na Waluba wa Katanga, na Wabemba, na Walamba, kila jamaa na hikaya zake. Naye, kwa kuwajua wote, alimwita yule paa kwa jina la mnyama mjanja wa hikaya za kila jamaa, Kabundi alipokuwa akiwaelekea Waluba na Kalulu alipowageukia Wabemba, hata kila mtoto akaondoka uwanjani na yakini kwamba filamu ile ilikuwa imetoka kwa bibi yake mwenyewe.

Usiku mmoja, nao ndio niukumbukao kuliko zote, utepe ulikatika katikati ya hadithi ya Mboloko. Mwenye mtambo akainama na kurunzi yake kutafuta ncha, na uwanja wote ukawa giza. Watoto wadogo walianza kulia, na mama zao wakaanza kukunja mikeka. Mwalimu hakunyamaza hata kwa pumzi moja. Aliichukua hadithi palepale ilipokuwa imeanguka, akaiendesha, akamwingiza ndani yake chui ambaye hakuwamo kabisa katika filamu ile, akamtembeza polepole nyuma ya migongo yetu, hata nikamwona kaka yangu akigeuza shingo. Akasema kwa Kiswahili chetu cha kambini, "Batoto, mumuangalie muzuri uyu chui: tumbo iko macho, akili inalala." Wazee wakacheka kicheko cha chini, kwa maana walikuwako wenye matumbo ya namna hiyo karibu nao, na kila mtu alijua ni akina nani.

Taa ya mtambo ilipowaka tena, tukaona kwamba filamu iliyochorwa ilikuwa fupi kuliko ile tuliyoiona gizani.

Nimeitafakari sana sanaa ile tangu nipate utu uzima. Waliotengeneza picha walikusudia kutufunza adabu, kazi na utii, na sisemi kwamba nia yao ilikuwa mbaya. Lakini mfasiri, bila kupinga neno lolote la padri, alijua kuiinamisha hadithi kidogo tu, kwa kituo kirefu mahali fulani, au kwa kuirefusha sauti ya mnyama mdogo na kuifupisha ya mkubwa, na kumbe ameipa maana nyingine kabisa. Alijua pia kunyamaza. Pilipili alipokuwa akifanya kichekesho cha mwili, Mwalimu aliishusha mikono yake na kuiacha picha ijisemee, adabu ambayo watangazaji wengi wa leo hawanayo.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika upesi, televisheni ikaja, na Lubumbashi ikapata michezo ya kuigiza ya mchekeshaji Mufwankolo na kundi lake, kwa Kiswahili cha Katanga, ambayo nayo inastahili insha yake. Ufundi wa kufasiri sinema haukufa kila mahali: Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyezitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili, na Kampala wapo hata leo wafanyao hivyo kwa Kiganda. Huku kwetu ulizimika, na watoto wetu hutazama katuni za Kifaransa peke yao, kila mmoja na kioo chake, pasiwe na mtu mzima wa kuwaambia lolote juu ya wanachokiona.

Filamu zenyewe zimepata watunzaji. Nakala zilizosalia zimehifadhiwa Ubelgiji, na mwaka 1996 Tristan Bourlard alitengeneza filamu juu ya Matamata na Pilipili na juu ya padri aliyewapiga picha. Sauti za wafasiri wa kambi yetu hazikurekodiwa na mtu yeyote, kwa kuwa Kampuni iliwaona kuwa ni makarani na mapadri waliwaona kuwa ni wasaidizi, na sisi wenyewe, tulipopata mashine za kurekodi, tulirekodi arusi na hotuba za wakubwa.

Basi, ewe msomaji wa Panda, wa Shituru au wa Kikula, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee aliyekuwa mtoto kabla ya mwaka 1960, mkalie karibu juma hili hili, umwombe akusimulie Mboloko jinsi alivyosimuliwa uwanjani, kwa maneno yaleyale na vituo vilevile, nawe umrekodi kwa simu yako, wala usimkatize.