Mghushi na Dola ya Tundu

Mwaka 1812 meli Samarang ilitia nanga Sydney, Australia, ikiwa na dola 40,000 za Kihispania. Koloni la Uingereza la New South Wales lilikuwa na ukata wa sarafu. Watu walilipana kwa ramu na kwa vikaratasi vya ahadi, na sarafu nzuri iliyoingia bandarini haikukawia kuondoka na nahodha aliyeleta bidhaa. Gavana Lachlan Macquarie alijua dola hizi nazo zingekwenda zao. Dawa aliyoipata ni kuziharibu kusudi: sarafu yenye tundu katikati, nani ataipokea ng'ambo?

Kazi akapewa William Henshall, aliyeletwa katika koloni hilo akiwa mfungwa kutoka Uingereza kwa kosa la kughushi fedha. Mimi namsifu Macquarie kwa uteuzi huo kuliko kwa majengo yote aliyoyajenga. Maofisa waadilifu hawakukosekana; aliyekosekana ni mtu wa kuchonga chapa. Hata mashine hazikuwapo, ikabidi Henshall aziunde mwenyewe kwanza, na kazi ikapita mwaka mzima.

Itazame kwa karibu pete iliyobaki baada ya dola kutobolewa. Ukingoni Kilatini cha mfalme wa Hispania bado kinasomeka, ila uso wake umekwenda na tundu. Kulizunguka tundu, Henshall amegonga jina la koloni na mwaka 1813. Upande wa pili amegonga thamani, shilingi 5, na chini yake kijitawi cha majani mawili. Kijitawi hakikuongeza thamani hata senti. Kati ya majani hayo, katika baadhi ya sarafu, ipo H ndogo: mtu aliyefungwa kwa kuiga kazi za wengine sasa anatia sahihi yake.

Kile kipande cha kati hakikutupwa. Kiligongwa upya kwa taji, kikawa peni 15, yaani shilingi 1 na peni 3. Dola ya shilingi 5 ikawa imezaa shilingi 6 na peni 3, yaani serikali ilipata faida kwa kutoboa! Na katika baadhi ya vipande hivyo, chini ya chapa mpya, ngome ya Hispania bado inachungulia.

Zilitoka dola za tundu 39,910. Kufikia 1829 zilikwisha kuondolewa sokoni na nyingi zikayeyushwa. Zimebaki kama 300. Ukibahatika kuiona moja katika jumba la makumbusho, anza na yale majani mawili. Jina la gavana usilitafute, halimo.